Kupanda, Kushuka, Kupishana

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja jioni na ombi la maneno sita. Yeye na wenzake wanne, vijana wa hapa hapa Morogoro mjini, huendesha baiskeli za milimani kila mwisho wa juma. Hupanda kwa barabara ya mawe iendayo Morningside, ile nyumba ya enzi ya Wajerumani iliyo juu ya mji, kisha huteremka kwa vijia vya wakulima vinavyopita katikati ya migomba, mpaka watokee tena kwenye lami. Walikuwa wamekwenda kwa viongozi wa mtaa kuomba waweke vibao sita kwenye njia panda, ili wageni wao kutoka Dar es Salaam wasipotelee mashambani mwa watu. Viongozi walikubali. Mzee mmoja tu ndiye aliyevishika vile vibao, akavigeuza huku na huku, akauliza, "Mbona mmeandika Kizungu? Huku anapita nani?"

Basi vibao vikaletwa kwangu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 26, na natunga mashairi. Kwa fikira za mpwa wangu, mtu wa namna hiyo huwa na maneno ya akiba nyumbani kama mwenye duka alivyo na sukari ghalani.

"Mjomba," alisema, "treili kwa Kiswahili ni nini?"

Dada yangu, mama yake, alikuwa akipita na birika la chai. "Si tela?" akadakia. "Lile la kukokotwa na lori?"

Tulicheka, lakini swali lilibaki pale mezani pamoja na vikombe. Nilianza kama aanzavyo mwalimu yeyote: nikachukua kalamu. Njia ni neno pana mno. Ni ya kupita, ni ya kutatua jambo, ni ya uzazi pia. Barabara imekwisha kuchukuliwa na magari, tena ina maana yake ya pili ya kitu kilicho sawasawa, na hakuna aliyeuona mteremko wa Uluguru atakayethubutu kuuita hivyo. Uchochoro ni wa mjini, kati ya kuta. Kijia hutaja udogo tu. Njia ya mkato hukwepa urefu, na njia ya panya hukwepa serikali, ilhali vijana hawa walikuwa wametoka kuiomba serikali ya mtaa kibali. Neno lililonivutia ni mapito. Limetokana na kupita, kwa hiyo halitaji kilichopo ardhini bali kile ambacho watu hukifanya juu yake. Nikamsomea mpwa wangu kwa majivuno kidogo. Akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, mapito siku hizi ni mateso. Watu wanaimba, Mungu amenivusha katika mapito yangu. Nani atatoka Dar na gari lake aje kwenye mateso?"

Nikamwambia kwamba siwezi kukipa jina kitu nisichokikanyaga. Jumamosi ifuatayo ningekwenda nao.

Sisi wa mji huu tumezoea kuuita mji kasoro bahari. Nimelitumia jina hilo katika mashairi mara nyingi kupita kiasi, na sababu yake ni ya kivivu: lina mizani 8 kamili, kipande kizima kilichokwisha kupimwa na wenyeji kabla yangu. Bahari hatuna, ila tunaipelekea maji. Ruvu huanzia katika milima hii, hunywesha Dar es Salaam, na kinachobaki humwagikia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Mwisho wa juma vijana wa Dar huupanda mto huo kinyume, kilomita 190 na ushei kwa barabara, baiskeli zimefungwa nyuma ya magari. Kwao wana vilima vya Pugu, na wako wanaoviendea kwa baiskeli. Lakini kilima ni kilima. Hapa, mji uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Bondwa chenye minara ya mawasiliano, unachokiona ukiwa sokoni ukiinua tu shingo, kinapita mita 2,000. Jina lenyewe la milima limebeba mlima ndani yake: lugulu kwa Kiluguru ni mlima, Waluguru ni watu wa milimani, hivyo asemaye Milima ya Uluguru amesema milima mara mbili, na anayeipanda kwa baiskeli huona kuwa hakukosea.

Juu kabisa ni msitu, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000. Huko baiskeli za vijana wetu haziendi. Zao ni sehemu ya chini, kati ya msitu na mji, mahali watu wanapoishi na kulima, na kila niliyojifunza yalitoka huko.

Baiskeli niliyoijua mimi ilikuwa Phoenix nyeusi ya mjomba wangu. Alikuwa akikaa Kiroka, na siku za soko alileta ndizi mjini kwa njia ya Bigwa. Mikungu miwili kando ya keria, mmoja juu yake, kamba ya mpira imezungushwa mpaka inalia. Ikishapakiwa hakuipanda tena. Kwa Kiswahili tunasema kuendesha baiskeli, lakini kwa wengi wa watu niliokua nikiwaona nazo kitenzi cha kweli kilikuwa kukokota: mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye mzigo, mwili umelala mbele kama unaosukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Baiskeli ilizibeba ndizi, naye mjomba aliibeba baiskeli. Ilikuwa na kengele ya chuma kwenye usukani, na kengele hiyo ndiyo tuliyoisikia kwanza, sisi watoto, kabla hajaonekana kwenye kona.

Gurudumu linalofurahia mteremko nililiona baadaye sana, tena katika picha: chukudu za Goma, huko Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kimechongwa na mafundi wa huko huko, na kina ubao wa kupigia goti. Hukokotwa kwenye mwinuko na magunia ya viazi au mkaa, kisha kwenye mteremko mwenyewe hupanda akashuka na mzigo wake. Nilizitazama picha zile kwa wivu kwa niaba ya mjomba wangu.

Baiskeli niliyoazimwa Jumamosi ile haikufanana na Phoenix hata kidogo. Tairi zilikuwa pana zenye meno, breki za diski, na mbele kulikuwa na kifaa ambacho fundi wao alikiita shokomzoba, neno ambalo tangu siku hiyo nalitafutia ubeti. Haikuwa na keria. Haikuwa na kengele. Niliuliza kuhusu kengele, nikaambiwa kwamba inaongeza uzito.

Tulianza saa 12 asubuhi. Kiswahili hupanda vitu vitatu kwa kitenzi kimoja: mtu hupanda mlima, hupanda baiskeli, na hupanda mbegu. Wanaisimu huenda watanikumbusha kuwa kupanda kwa mkulima na kupanda kwa msafiri ni maneno mawili yaliyofanana sura tu, kama watu wawili wasio ndugu. Sibishi. Lakini kwenye kona ya tatu, nilipokuwa nimekwisha kuipanda baiskeli na bado sijaupanda mlima, nilimwona mwanamke na binti yake wakipanda maharage katika shamba lililosimama wima kiasi kwamba aliyepanda hakulazimika kuinama. Ardhi ilikuwa imemfuata mpaka usawa wa kifua. Tulikuwa watu saba pale, sote tukipanda, na wawili tu kati yetu ndio ambao kupanda kwao kungeliwa na mtu miezi mitatu baadaye.

Sehemu kubwa ya barabara niliikokota, kama mjomba wangu, ila bila ndizi. Vijana walikuwa wakinisubiri kwenye kila kona kwa adabu iliyonikera. Na muda wote huo watu walikuwa wakishuka. Wanawake, hasa, wawili wawili na watatu watatu, mabeseni na matenga vichwani, wakiwahi soko la Chifu Kingalu. Walikuwa wameondoka kwao gizani. Tuliwaamkia, wakaitikia. Mmoja akasimama, shingo imenyooka chini ya karoti zake, akatuuliza:

"Mnapeleka nini juu?"

"Hatupeleki kitu, mama," mpwa wangu akasema.

"Basi mnafuata nini?"

Akafikiri. "Tunafuata kushuka."

Walicheka mpaka mmoja wao akalazimika kulishika beseni kwa mikono miwili. Niliwasikia wakilirudia jibu hilo huko chini, kona baada ya kona: tunafuata kushuka, tunafuata kushuka.

Morningside tulikunywa chai ya chupa na kula mkate, tukautazama mji. Sitakaa sana juu ya mandhari. Kila aliyefika pale amekwisha kuiandikia mistari, na mimi nimo.

Niliyotaka kuyasimulia yalitokea kwenye kushuka, ambako ndiko vijana walikokuwa wakitaka vibao vyao. Kiswahili ni tajiri wa kwenda chini kuliko nilivyojua darasani. Nilianza kwa kushuka, neno la heshima: hushuka mgeni garini, hushuka bei. Baada ya hatua chache nikawa nateremka, maana mwendo ulikuwa umeanza kuwa wa mlima na si wangu. Kijia kiliingia chini ya migomba, udongo mwekundu wenye unyevu wa usiku, nami nikateleza, kisha nikaserereka, ambako ni kuteleza kunakoendelea. Na niseme ukweli: nilifurahi. Nina miaka 53 na sikumbuki mara ya mwisho mwili wangu ulipokwenda kasi kuliko mawazo yangu. Nilielewa kwa nini vijana huamka alfajiri kwa ajili ya dakika kumi za namna ile.

Mbele yangu, baada ya kona, alikuwa mwanamke. Alinipa mgongo. Alikuwa amechelewa na wenzake, beseni la maparachichi na magimbi juu ya ngata, mkono mmoja umeshika kanga kiunoni. Njia pale inatosha mtu mmoja: kulia ukuta wa udongo, kushoto bonde. Nilibana breki, nikapaza sauti:

"Mama, njia!"

Baiskeli haikumgusa. Nililieleza jambo hilo mara nyingi baadaye, kwa watu walioniuliza na kwa wasioniuliza, mpaka nikajisikia aibu ya kulieleza. Ilisimama hatua tatu nyuma yake, ikainama, ikanitupa kwenye migomba. Kilichomwangusha yeye ni neno langu. Mtu akiitwa mama hugeuka; ndivyo tulivyolelewa sote, ukiitwa na sauti ya mtu mzima hujibu kwa mgongo. Lakini mwenye mzigo kichwani hana shingo ya kugeuza. Lazima ageuke mwili mzima, miguu kwanza. Aligeuka, mguu ukakanyaga ukingo, beseni likatangulia, naye akaangukia mkono.

Maparachichi yalibingirika bondeni. Yalikuwa na sauti, moja baada ya jingine, mpaka kijitoni.

Nilipojitoa kwenye majani yeye alikuwa amekaa chini, mkono wa kushoto ameupakata. Akanitazama, nina tope mpaka masikioni, akasema:

"Pole, baba."

Nimefundisha neno pole kwa wageni wengi, Wazungu wa mashirika na wanafunzi wa kubadilishana. Huwa nawaambia kwamba halina tafsiri katika lugha zao, kwa sababu kwao mtu husema anasikitika pale tu anapokiri kosa, na sisi humwambia pole hata aliyejikwaa peke yake mbali nasi. Huwaonyesha ukoo wake: upole, mpole, polepole. Nilikuwa nalijua neno hilo kwa kila upande isipokuwa ule wa kulipokea kutoka kwa mtu niliyemwumiza. Nikatafuta la kumjibu. Tuna samahani, tuna kunradhi, tuna niwie radhi, na nimezitumia zote katika barua na katika beti. Nilichosema, kwa kadiri ninavyokumbuka, ni "Mama, mama, mama."

Vijana walifika. Wawili waliteremka bondeni kuokota kilichookoteka. Beseni walilifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, kwa kuwa baiskeli zile za pesa nyingi hazina mahali pa kuweka hata parachichi moja, na wakazikokota mpaka chini. Nilikokota pia, nikiwa nyuma ya yule mama, kwa mwendo wake. Zahanatini walisema kifundo kimeteguka, hakikuvunjika. Wakakifunga bendeji na kumkataza mizigo kwa majuma mawili.

Nilimwuliza bei ya beseni. Akataja. Nikatoa zaidi. Alizihesabu noti kwa mkono mmoja juu ya goti, akanirudishia zilizozidi.

"Hizi ni za maparachichi," akasema. "Asubuhi yangu je?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa ameamka saa 9 usiku. Nilifanya hesabu ya haraka ya siku zote ambazo hangeshuka sokoni, nikamwambia nitazilipa, na nilizilipa, kila Jumamosi kwa majuma matatu, nyumbani kwake. Lakini alikuwa anauliza kitu kingine, na Jumamosi ya pili alinieleza bila kuombwa, akimenya magimbi kwa mkono uliopona:

"Ukiwa nyuma ya mwenye mzigo usimwite. Shuka, kohoa, ngoja. Akikusikia atatafuta pa kukupishia, atakupisha mwenyewe."

Kohoa. Nilikumbuka kengele ya mjomba.

Tangu hapo nimelifikiria sana neno kupisha. Ni pita iliyosababishwa: kumpisha mtu ni kumfanya apite, na anayefanya kazi hiyo ni yule anayesimama. Ukilipa mnyambuliko wa kutendana unapata kupishana, neno lenye sura tatu. Watu wawili hupishana njiani, kila mmoja akasalimika. Watu wawili hupishana, mmoja akafika mwenzake amekwisha kuondoka, wasionane. Na watu wawili hupishana kauli. Mimi na yule mama, kwenye ile kona, tulipishana kwa maana mbili za mwisho tu.

Mpwa wangu, ambaye ni msomaji, alinionyesha utaratibu wa wenzao. Mchezo huu ulikulia California, Marekani, katika miaka ya 1970, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais, na ugomvi wa nani ampishe nani ulikua pamoja nao. Leo katika njia nyingi za huko kuna kibao cha pembetatu: mwenye baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na wote wawili humpisha mwenye farasi. Nilikitazama muda mrefu. Ni kibao kizuri, na wote watatu waliochorwa mle wamekwenda mlimani kupumzika. Pembe ya nne, ya mtu ambaye njia ile ni kazi yake, haikuwahi kuhitajika pale kilipobuniwa. Msitu wa Karura wa Nairobi una vijia vya baiskeli vyenye alama na lango la kulipia, na vinapendeza. Lakini Karura hakuna mtu anayeshuka na magimbi saa 11 alfajiri. Huku kwetu uwanja wa mchezo ni njia ya sokoni ya watu, na ardhi inayopakana nayo ni ya koo, ambazo kwa Waluguru hufuata upande wa mama. Mzee aliyeuliza huku anapita nani alikuwa ameuliza swali lote.

Kulikuwa na neno jingine katika orodha ya vijana ambalo nililikata bila mjadala: matuta. Walitaka kuchimba vituta vya kurukia kwenye sehemu moja ya mteremko, na kuweka kibao cha kuonya. Kwa vijana wa mjini tuta ni lile la barabarani la kupunguza mwendo, ama la viazi. Kwa Waluguru wa umri wa bibi yangu matuta yalikuwa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mara nyingi ilifukua udongo mfu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba. Mwaka 1955 watu walikataa. Kukazuka ghasia upande wa Matombo, na mpango ukaachwa. Nilimwuliza mpwa wangu kama anataka kuwa mtu wa pili kuja milimani na chepe na kibao kilichoandikwa matuta. Hakuwa ameisikia habari hiyo, naye ni Mluguru kwa mama. Hilo ni kosa langu mimi mjomba kuliko lake.

Niliporudi nyumbani niliketi kuandika kibao cha ile kona. Kwa mazoea nikaandika ubeti:

Mama nakupisha njia, mwenye mzigo kichwani,
Wewe ulotangulia, pita mimi ni mgeni,
Breki naikamatia, nisimame pembezoni,
Mlima haukimbii, tupishane kwa amani.

Mpwa wangu aliusoma akiwa amesimama. "Ni mzuri, Mjomba. Lakini mtu anayeteremka kasi hatasoma mizani 64."

Ni kweli, na tena ubeti una kosa kubwa zaidi ambalo yeye hakulitaja kwa heshima: bado unaanza kwa kumwita mama. Nikaupunguza. Kibao cha ile kona kimeandikwa kwa rangi nyeupe, PISHA MWENYE MZIGO, na kimeelekea juu, upande watokako wenye baiskeli. Yule mama akipita haoni ila mgongo wa ubao. Ina mizani 7. Kasoro moja. Nilitaka kuongeza silabi ili nipate usingizi, kisha nikaacha. Kengele tano zilinunuliwa wiki hiyo hiyo kwa fundi mmoja karibu na Msamvu. Hakuna aliyezungumza tena juu ya uzito.

Lilibaki jina la njia yenyewe, swali la tangu ile Jumapili ya chai. Jumamosi ya tatu, nilipopeleka malipo ya mwisho, nilimwuliza mwenyeji wangu kile kijia wao hukiitaje. Alishangaa kidogo kwamba jambo hilo linahitaji kuulizwa.

"Tukishuka ni njia ya sokoni," akasema. "Tukipanda ni njia ya nyumbani."

Kwa hiyo kibao cha mwanzo wa kijia, kile kikubwa, tulikipaka rangi pande zote mbili. Ashukaye alisoma NJIA YA SOKONI, apandaye akasoma NJIA YA NYUMBANI. Kilikaa miezi minne. Juma lililopita mpwa wangu alikuta shimo tupu mahali pa nguzo, na alipoulizauliza akaonyeshwa, si mbali, banda jipya la mbuzi lenye mlango imara wa mninga. Upande wa nje wa mlango umeandikwa, kwa herufi nilizozichora mwenyewe, NJIA YA NYUMBANI. Alitaka twende tukaudai. Nimemwambia aache, nitanunua ubao mwingine.